Uliza Fundi: Randa ya Stima Inauma Mwisho wa Mbao

Mwezi huu barua za pampu na za vyerehani zitangoja kidogo. Tangu tuguse randa ya stima toleo lililopita meseji zimekuja mob, kutoka Kisumu, Nakuru, Kakamega mpaka Webuye, na nikizisoma zote naona mashine zinalia kilio kimoja: zinalazimishwa. Kisu kimekuwa butu, nobu ya kupanga kina imefunguliwa mpaka mwisho, waya mwembamba, alafu mtu anasukuma na kifua. Haya, tuanze.

SWALI: Fundi mkubwa, mimi natengeneza viti na meza hapa Kibuye, Kisumu. Randa yangu ya stima katikati ya mbao inafanya poa kabisa lakini nikifika mwisho, kama inchi mbili hivi, inachimba. Unaweka kidole unasikia shimo. Mwanzo pia mara ingine inauma. Nimebadilisha visu, bado. Wateja wa siku hizi wanapitisha mkono juu ya meza kabla walipe, wananiaibisha. Ni mashine mbovu ama? – Fundi wa meza, Kibuye

JIBU: Omera, kabla uilaani hio mashine toa plagi kwa soketi uigeuze kichwa chini. (Hio ya kutoa plagi nitaisema leo mpaka mchoke.) Utaona mabamba mawili ya chuma na katikati ngoma ya visu. Bamba la nyuma haliendi popote, limefungwa. La mbele ndio linapanda na kushuka ukizungusha nobu. Nobu ikiwa sufuri, mabamba yote mawili na makali ya kisu yanakuwa laini moja. Ukiiweka milimita 1, bamba la mbele linapanda milimita moja, kwa hivyo mashine ikitembea la mbele linakanyaga mbao ambayo haijakatwa na la nyuma linalalia pale pameshakatwa, na hapo ndio inatembea bila kuyumba.

Sasa fikiria umefika mwisho wa mbao. Bamba la mbele limeshatoka, liko hewani, chini yake hakuna kitu, na wewe mkono wa mbele bado unakandamiza kwa nguvu vile ulikuwa unakandamiza katikati. Pua inainama, visu vinashuka, hio ndio shimo yako ya inchi mbili. Na mwanzo ni kinyume chake, bamba la nyuma bado halijapata mbao ya kulalia na wewe umeshaanza kuegemea mkono wa nyuma, makalio ya mashine yanashuka na visu vinaingia.

Kwa hivyo uzito unahama ukitembea. Ukianza, kandamiza mkono wa mbele, wa nyuma usukume tu bila kulemea. Katikati gawa sawa. Ukikaribia mwisho legeza wa mbele polepole mpaka ubaki umeshika tu kuongoza, uzito wote uende nyuma, na usisimame, pitisha mashine mpaka itoke yote upande ule mwingine ndio uinue. Na washa kabla iguse mbao, ngoja ishike spidi, ndio uingie. Mtu akiwasha randa ikiwa imelala kwa mbao tayari inaruka.

Ukifanya hivo na bado inauma mwisho, sasa tunaangalia visu. Plagi nje, chukua rula ya chuma iliyonyooka, ilaze kwa bamba la nyuma ipite juu ya ngoma, alafu zungusha ngoma na kipande cha mbao, sio kidole. Kisu kikipita juu kinafaa kuigusa rula kidogo tu kama kinaibusu. Kikiibeba na kuisukuma mbele, kisu kiko juu sana, kitauma mwisho hata uwe na mikono ya malaika. Kisipoigusa kabisa kiko chini, na hio utaijua kwa sababu mashine itaanza vizuri alafu inakata kidogo kidogo mpaka inaacha kukata. Pima pande zote mbili za kisu, kushoto na kulia, na visu vyote viwili. Wewe umebadilisha visu na bado inauma, mimi naanza kushuku hujavipima ulipovirudisha.

Na kama kesho una meza ya mtu na hauna wakati wa kujifunza mikono, acha mbao ikiwa ndefu kuliko kipimo, shimo likiingia litaondoka na ile sehemu utakata. Ama piga klampu vipande vya taka vya unene huohuo mwanzo na mwisho wa mbao, mashine ianze na kumalizia kwa taka.

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Kakamega, mvua ya huku unaijua, kila saa nane mchana. Mlango wa jikoni umefura haufungi mpaka nipige na bega. Mtoto wa dada yangu ana randa ya stima anasema anautoa unene dakika tano. Nimruhusu? – Mama wa mlango, Kakamega

JIBU: Marahaba mama. Mruhusu, lakini sio dakika tano, na kwanza mwambie angoje kama anaweza. Mlango ambao umefura kwa mvua ukipigwa randa leo, Januari na Februari kiangazi kikija utarudi nyuma na utakuwa na nafasi ya kupitisha panya. Kama haufungi kabisa na usalama ni shida basi atoe kidogo sana, ile tu ya kufunga, na amalizie wakati wa jua.

Apake chaki kwa fremu, afunge mlango na kufungua, pale chaki imeshika kwa mlango ndio panagusa. Hapo tu ndio pa kupigwa, sio ubavu wote. Autoe kwa bawaba, ausimamishe kwa ubavu na ushikiliwe, na atoe kufuli na skrubu zote za upande huo kwanza. Kama ni mlango wa plaiwudi, ule mwepesi ukigonga unalia kama debe, ndani kuna fremu nyembamba ya mbao pembeni na katikati ni kama hewa tu. Akila sana ataipita hio fremu na mlango utafunguka kama kitabu. Milimita mbili tatu inatosha.

Akipiga upande wa juu ama wa chini asipitishe mashine moja kwa moja kutoka kona hadi kona. Hapo kona nyuzi za mbao zinaangalia nje na randa ikitoka inazipasua. Atoke kona moja aende katikati, alafu arudi kona ile ingine aende katikati tena.

Alafu mama, hii ndio nataka uishike wewe mwenyewe kwa sababu fundi wengi hawatakwambia: panda kwa stuli uangalie juu ya mlango kama kuna rangi. Nina hakika hakuna, na chini pia hakuna. Hapo ndio maji na unyevu unaingilia. Akimaliza kupiga randa, kabla arudishe mlango, pande zote nne zipakwe vanishi ama rangi mara mbili. Ukikosa hapo tutaandikiana tena mwaka ujao.

SWALI: Sasa fundi, mimi ni kijana niko Kaptembwo, Nakuru, nafundishwa kazi na mzee mmoja. Randa yake ilianza kutoa cheche nyingi nyuma pale kwa matundu ya hewa, mzee akasema ni kawaida. Juzi tukipiga saipresi ikatoa harufu ya mpira ukiungua, sasa ukiwasha mota inalia lakini visu havizunguki. Mzee anasema nimeua mashine nilipe. Nitatoa wapi? – Kijana wa kazi, Kaptembwo

JIBU: Kijana wangu usilie, hujaua mashine. Una shida mbili na moja ni ya bei rahisi sana.

Mota kulia na ngoma kusimama ni mkanda. Ukiangalia ubavu wa randa kuna kifuniko kimefungwa na skrubu mbili tatu, ndani kuna puli ndogo na puli ingine na mkanda wa mpira wenye mistari unaozipitia. Mota inazungusha mkanda, mkanda unazungusha ngoma. Imetengenezwa hivo kusudi, ngoma ikikwama mkanda ndio uteleze ama ukatike badala ya mota kuungua, yaani mkanda ndio umekufa badala ya mashine. Fungua kifuniko, utakuta ama umekatika ama meno yameyeyuka yamekuwa laini, na vumbi jeusi limejaa. Lichukue hilo zee la mkanda uende nalo dukani pamoja na namba ya modeli iliyoandikwa ubavuni, usiseme tu "mkanda wa randa", kila modeli iko na urefu wake. Safisha puli na mswaki mkavu, usitie mafuta hata tone. Visha mkanda kwa puli moja kwanza, alafu uusogeze kwa ingine huku unazungusha kwa mkono, usiuchokonoe na bisibisi utautoboa.

Lakini ulikufa kwa nini? Umesema saipresi. Siku hizi watu wanaletewa mbao imetoka msumenoni wiki iliyopita, ukiibana unasikia ni baridi. Maranda ya mbao mbichi hayaruki, yananata, yanajaa kwa mdomo wa kutolea mpaka yanazuia ngoma, na wewe unaendelea kusukuma kwa sababu mota bado inalia. Hapo ndio harufu. Ukisikia sauti imebadilika imekuwa nzito, inua mashine. Usisukume, inua. Zima, toa plagi, ngoja isimame, chokoa mdomo na kijiti. Hio ngoma inazunguka kama mara 16,000 kwa dakika na ukizima haisimami papo hapo, kuna fundi wengi wanahesabu vidole hawafiki kumi kwa sababu ya hizo sekunde chache.

Sasa cheche. Hapo mzee yuko sawa nusu. Cheche ndogo za bluu pale ndani ni kawaida, lakini zikiwa nyingi, za njano, zinazunguka kama pete ya moto, ni kaboni zimeisha. Kila upande wa mota kuna kifuniko kidogo cha plastiki cha kufungua na bisibisi bapa, ukikitoa spring inasukuma nje kipande cheusi cha mraba. Hicho ndio kaboni. Kikiwa kifupi kama milimita 6 kushuka, au kimefika kwa alama iliyochorwa ubavuni, badilisha, na ubadilishe zote mbili hata kama moja inaonekana nzima. Ukiwa hapo chungulia kwa tundu na tochi, utaona shaba inayozunguka. Ikiwa ya kahawia na laini, shwari. Ikiwa imechimbika mifereji ama vipande vingine vimeungua vyeusi na vingine viko safi, hio sasa ni amecha, ile sehemu ya mota inayozunguka, na peleka kwa fundi wa kusuka mota. Kaboni mpya ziwashie mashine dakika kadhaa bila kukata kitu ndio zikae.

Kuhusu kulipa, mwendee mzee na huo mkanda mkononi, kwa heshima, umuonyeshe, umwambie "mzee hiki ndio kimeharibika, twende tununue". Usimwambie nimesema yeye ndio alikuwa anapuuza cheche. Atasoma mwenyewe.

SWALI: Naeza piga randa mbao za kufomu, zile zimetoka kwa slabu? Niko Webuye kuna mjengo unaziuza rahisi.

JIBU: Unaeza, ukitaka kununua visu kila wiki. Saruji ikikauka kwa mbao ni mawe, inamaliza makali hata mita moja haifiki. Kama umeshanunua, kwangua na brashi ya waya na patasi kuukuu mpaka uone mbao, alafu tafuta misumari. Sumaku ya spika mbovu inafanya hio kazi vizuri sana, ifunge kwa kamba uipitishe polepole, ikishika weka alama ya chaki. Misumari iliyovunjika ndani ndio mbaya kuliko iliyoonekana. Kisha mara ya kwanza piga na randa ya mkono. Kama kuna kitu kimebaki, kisu cha randa ya mkono unakinoa, cha stima kinakurushia kipande kwa uso.

SWALI: Mambo fundi. Mimi ni dada fundi hapa Njoro, ndio tupo, msishangae. Natengeneza vitanda, zaidi ni mahogani na nikipata mvule nafurahi. Shida ni randa inang'oa vipande, mbao inakuwa kama imeng'atwa na mbwa. Saipresi haifanyi hivo. Nimeweka kina cha chini nikapunguza tena lakini kuna mahali inakataa tu. Na visu vinaisha haraka. – Dada wa vitanda, Njoro

JIBU: Karibu sana dada, na hakuna anayeshangaa hapa.

Saipresi nyuzi zake zimenyooka, ukisha jua zinaelekea wapi umemaliza. Mahogani na mvule nyuzi zinapishana, tabaka hii inaegemea kulia na tabaka inayofuata inaegemea kushoto, ndio maana ukishapaka vanishi unaona ile mistari mipana inang'aa moja moja. Huo urembo mteja anaoulipia ndio unakusumbua kwa randa, manake upande wowote utakaopiga, kuna tabaka unazipiga kinyume.

Dawa haiko moja, ni kupunguza hasara. Kisu kiwe kikali, na nasema kikali cha leo sio cha juzi. Kina robo milimita ama chini ya hapo mpito wa mwisho, hata kama umeanza na milimita moja kuondoa alama za msumeno. Tembea polepole, nusu ya mwendo wa saipresi, kila makali yapate kukata kidogo. Na geuza mashine kimshazari kidogo kwa mwendo, usiipeleke imenyooka kabisa na mbao, makali yaingie kwa pembe. Pale kwa jicho la mbao pungua zaidi. Ikishabaki milimita moja hivi kufika kipimo wacha randa ya stima, umalizie na ya mkono iliyonolewa au kikwangua cha chuma, kisha msasa. Watu wanataka randa ya stima itoe mbao tayari kupaka vanishi, haikutengenezwa kwa hio. Ukiangalia mbao imetoka hapo kwa mwanga wa pembeni utaona vimawimbi vidogo vidogo, ndio alama ya visu viwili vinavyopokezana, na vanishi inavionyesha zaidi haivifichi.

Visu kuisha haraka: mvule huo. Mvule wakati mwingine unaficha jiwe ndani, jiwe kweli, chokaa ya kalsiamu ambayo mti wenyewe unaweka pale uliwahi kuumia. Halionekani kutoka nje. Ukipita juu yake unasikia tik na kuanzia hapo kila mbao inatoka na mstari ulioinuka, kwa sababu kisu kimepata pengo. Ukiona sehemu ya mvule imekuwa nyeusi karibu na ufa, ikague kwanza na ncha ya patasi. Na kama pengo limeshaingia na haujapata visu vingine, legeza kisu kimoja ukisogeze kando kidogo sana ili mapengo mawili yasiangaliane, kisu kimoja kifute mstari wa mwenzake. Hakikisha tu hakigusi ukuta wa mashine.

Kitu ingine na usiniruke hapa. Vumbi la mvule linachoma pua na ngozi, wengine macho yanafura. Hata bila mvule, IARC, lile shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao kwa kundi la 1 mwaka wa 1995, yaani wana uhakika linaleta saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Leso haitoshi. Nunua maski inayobana uso, na masikio pia uyazibe, hio mashine inapiga kelele kuliko posho mill.

SWALI: Fundi, visu vya randa nanoa na nini? Kuna mtu hapa Elburgon ananoa na grainda, dakika moja. Na hizi mbao za gamu zinavimaliza.

JIBU: Tuanze na gamu, yaani mkaratusi. Tangu serikali ifunge ukataji wa misitu yake Februari 2018, nyinyi wa Elburgon na Molo mnajua kuliko mimi vile mashine za mbao zilinyamaza, watu wengi walizoea gamu na grevilea za shambani, na hata baada ya kutangazwa 2023 kwamba marufuku imetolewa gamu haijarudi nyuma. Ni ngumu na inakunja, hakuna ujanja, itakula visu.

Kuhusu kunoa, angalia kwanza una visu gani. Randa nyingi za stima ni za upana wa milimita 82 na ziko aina mbili. Kuna vile vyembamba kama kamba ya kiatu, upana milimita 5.5 tu, makali pande mbili, hivyo ni kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma. Hivyo havinolewi, upande mmoja ukiisha unageuza, wa pili ukiisha unatupa. Huyo mtu wa grainda akikuambia atavinoa mwache. Kuna vile vipana vya chuma cha kasi (HSS), karibu milimita 29 kwa upana, hivyo vinanolewa tena na tena lakini kwa jiwe la maji ama la mafuta na kishikio cha kushika pembe moja, vyote viwili pamoja. Grainda inachoma makali, ukiona yamegeuka bluu chuma kimeshapoteza ugumu wake na kitakuwa butu kabla ya chai ya saa nne. Tena ananoa kimoja zaidi ya kingine, uzito unakuwa tofauti, na kwa ule mzunguko mashine inatetemeka mpaka bearingi zinakufa.

Ukivirudisha safisha kwanza kitanda cha kisu, utomvu na vumbi likibaki hapo kisu hakilali sawa. Utomvu unatoka na mafuta ya taa kidogo na mswaki mkuukuu, mbali na jiko na sigara, upanguse ukauke kabisa. Fanya hivo pia kwa mabamba ya chini, ukipiga paini yanajaa gundi na mashine inakuwa nzito unafikiri ni kisu. Skrubu zikaze kidogo kidogo kwa zamu, ya katikati alafu za pembeni, na ukimaliza rudia zote tena. Kisha zungusha ngoma kwa mkono mzunguko mzima usikie hakuna kinachogusa. Vipimo na rula nimeeleza hapo juu kwa fundi wa Kibuye.

SWALI: Niko Nyalenda, Kisumu, soketi iko kwa nyumba na kazi naifanyia nje chini ya mti, kwa hivyo natumia ekstensheni ndefu ya kuzungusha. Randa inakosa nguvu na ekstensheni inapata moto. Na stima ikipotea katikati ya kazi kuna shida?

JIBU: Ekstensheni kupata moto ndio jibu lako. Waya ni mwembamba, tena umeuacha umejiviringa kwa ile ngoma yake na joto halina pa kwenda. Ukunjue wote hata kama unahitaji nusu. Kwa urefu kama huo tafuta waya wa milimita 2.5, ule wa taa na redio utakuchomea nyumba. Volti zikipungua njiani mota inapunguza spidi, wewe unasukuma zaidi, feni yake ya kujipoza nayo inazunguka polepole, ndio mashine inaungua na mtu analaumu duka. Na waya upitishe begani, ukae nyuma yako, usiwe mbele ya randa. Mvua ikianza kuchora ziwani huko, kazi imeisha, ingiza mashine ndani.

Stima ikipotea, shida kubwa sana. Randa nyingi ziko na kitufe cha kufunga swichi ili usishike muda wote. Stima imepotea, umeiweka chini umeenda kupiga stori, umesahau imefungwa. Ikirudi hio randa inaanza kutembea kwa benchi peke yake ikitafuta miguu. Stima ikienda tu, achilia swichi na utoe plagi, hapo hapo, kabla hata ya kusema "wameenda nayo tena". Na ukiiweka chini wakati wowote, hakikisha ule mguu mdogo wa nyuma umeshuka na umeshikilia visu visiguse benchi. Kama mashine yako haina mguu ama umevunjika, ilaze kwa ubavu ama weka pua juu ya kijiti.

SWALI: Nimeona randa ya mitumba Nakuru mjini, mwenyewe anasema haina shida. Niangalie nini? – Bado sina randa

JIBU: Leta rula yako ya chuma. Mabamba ya chini yakiwa yamepinda ama yamechimbika na msumari, ondoka, hayo hayanyooshwi. Shika ngoma, plagi ikiwa nje, uitikise juu chini, ikicheza ni bearingi. Zungusha nobu kutoka sufuri mpaka mwisho na kurudi, isikwame. Mwambie awashe gizani kidogo uone cheche. Alafu kabla ulipe ulizia kwa maduka ya vifaa kama mkanda na kaboni za modeli hio zinapatikana, mashine nzuri isiyo na spea ni pambo.

SWALI: Mimi sio fundi, nafuga kuku hapa Bahati. Fundi jirani ananipatia maranda ya randa yake bure niweke kwa banda. Yana shida?

JIBU: Ya saipresi na paini makavu ni mazuri, yachunge tu yale unga unga yasiwe mengi, vumbi linasumbua kifua cha kuku. Yakiwa mabichi yaanike kwanza, yataota ukungu. Lakini muulize jirani anapiga mbao gani wiki hio. Kama anapasua nguzo kuukuu za stima ama za ua, zile zilizowekwa dawa na kuwa kijani kijani, hapana, dawa ya nguzo nyingi ina shaba, kromiamu na aseniki, hio ni sumu na kuku wanadonoa kila kitu. Maranda hayo hata jikoni usiyachome. Na huyo jirani mwambie anunue hili gazeti asome, yeye ndio anavuta hilo vumbi.